Kata ya Maji kwa Mwashi Mrindoko

"Mwenye kiu hamwagiwi maji, huchotewa."

Hivyo ndivyo mchungaji alivyowaambia ninyi vijana asubuhi hii kabla ya kuwatuma kuhubiri kwenye nyumba za watu, na sasa, mama mmoja akiwa amewafukuza, mmekuja kwangu mkiuliza msemo huu mchungaji ameutoa wapi. Hakuutoa mbali. Kaeni. Anayetaka kunisaidia kuchambua maharage na achambue; mikono ikiwa na kazi, masikio hayatangatangi.

Msemo huu ulizaliwa hapa Usangi, mwaka ambao mvua za masika zilianza kwa fujo, na aliyeutamka kwa mara ya kwanza ni baba yangu, mzee Mrindoko.

Baba alikuwa mwashi wa mawe. Kuta nyingi mnazoziona zikizuia udongo kwenye miteremko ya huku alizijenga yeye, bila saruji, jiwe juu ya jiwe. Alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Mama yangu, Niwaeli, alipofariki, hata hayo machache yakapungua. Siku ya mazishi alikuja mhubiri mgeni, sijui nani alimwalika, akasimama kando ya kaburi akasema kwamba kama nyumba ile ingekuwa na imani ya kutosha, mama yule angepona. Aliyasema mbele ya watu wote. Baba alisubiri mpaka kaburi likafunikwa, akawashukuru waombolezaji, akarudi nyumbani, akalivua koti lake la Jumapili na kulitundika nyuma ya mlango. Kwa miaka mitatu koti lile halikuguswa. Mimi, Eliakunda wake, nilikuwa na miaka kumi na minane, ndimi niliyebaki kupika na kufua, na kila nilipofagia nililiona likishika vumbi.

Jirani yetu wa upande wa chini aliitwa Nanzia, mama yake Elinami. Huyu alikuwa ameokoka mwaka ule ule wa mvua, na furaha yake ilikuwa haifichiki. Alimpenda Mungu kweli, msidhani nasema kwa kejeli. Aliona mwashi mzee anapita kila asubuhi na nyundo begani, haendi kanisani, haimbi, haombi, akasema moyoni: huyu ndiye niliyepewa.

Basi akaanza. Baba akitoka tu njiani, Nanzia yupo. "Baba Eliakunda, unajua utaenda wapi ukifa leo?" Baba anaitikia salamu, anapita. Kesho yake mistari ya Maandiko, kesho kutwa mistari mingine, kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya bonde walisikia. Baada ya majuma mawili baba akaanza kupita njia ya juu, ile inayozunguka nyuma ya shule. Ilimwongezea nusu saa. Miguu yake ilikuwa tayari mibovu, lakini aliona heri miguu iume.

Ndipo mvua ikaja. Usiku mmoja ukuta uliokuwa nyuma ya nyumba ya Nanzia ukabomoka kipande kizima, na udongo ukashuka mpaka hatua nne kutoka chumba walicholala watoto wake. Mume wake alikuwa kazini mbali, mashamba ya mkonge. Kulipokucha mvua ikapumzika, na Nanzia akaja kwetu, matope mpaka magotini. Kwa mara ya kwanza hakuleta mstari wowote.

"Baba Eliakunda, watoto wangu," alisema tu.

Baba alikwisha kuchukua nyundo.

Siku ile jua liliwaka kama lilikuwa na hasira kwa kufichwa muda mrefu. Baba alifukua udongo, akapanga mawe ya msingi, mazito, yale ya kubingirisha kwa mtaimbo. Mimi nilikuwa nikimsogezea mawe madogo. Nanzia naye alikuwa pale, na nadhani alijisikia ana deni la roho ya mtu yule. Alimwona amesimama mahali pamoja, hana njia ya juu ya kupitia. Akaanza tena. Alihubiri tangu saa tatu mpaka jua likawa utosini.

Baba akasimama, akajifuta uso kwa mkono. "Mama Elinami, naomba maji ya kunywa."

"Nakuletea, Baba. Ngoja nimalizie hapa, hapa ndipo penyewe."

Akaendelea. Aliongea habari za moto, akaongea habari za siku ya mwisho. Nilitaka kuinuka nikachote mwenyewe, lakini mtungi ulikuwa ndani ya nyumba ya watu, na mimi binti wa zamani nilifundishwa kutoingia bila kuambiwa. Baba aliweka jiwe moja, la pili, la tatu. Midomo yake ilikuwa imekauka nyeupe. Hatimaye akauegemeza mtaimbo ukutani, polepole, akashuka mpaka mferejini, akapiga magoti, akanywa kwa viganja maji yale ya matope. Kisha akaenda nyumbani. Hakugeuka.

Nanzia alikatiza mstari wake katikati.

Ukuta ulikuwa umefika kimo cha goti, na mawingu yalikuwa yanarudi.

Kesho yake asubuhi nikiwa jikoni nilimsikia akibisha hodi. Alikuwa amebeba kata ya maji, ameishika kwa mikono miwili, nusu yamemwagika njiani. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha.

"Baba, nimekuletea maji uliyoniomba jana," Nanzia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Sikuja kwa ajili ya ukuta. Watoto nimewahamishia kwa dada yangu. Nimekuja kuomba radhi."

Baba aliipokea kata. Akanywa yote, akamrudishia.

"Mama Elinami," alisema, "nilikuomba maji, ukanihubiria. Na siyo jana tu. Miaka mitatu mimi nina kiu, wewe huijui, kwa sababu hukuuliza. Kila siku unanijia na mtungi mzima unanimwagia kichwani. Nalowa, natetemeka, naenda zangu na kiu yangu ile ile. Mwenye kiu hamwagiwi maji, mwanangu. Huchotewa."

Nanzia alianza kujibu, akajizuia. Nilimwona akimeza yale maneno. Akaketi chini kwenye mkeka, kisha akauliza, "Mama Eliakunda alikuwa mtu wa namna gani? Mimi niliolewa huku yeye akiwa tayari mgonjwa."

Wanangu, tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemuuliza baba swali hilo. Hata mimi sikuthubutu. Baba aliangalia mikono yake, halafu akaanza kusema. Alisema jinsi mama alivyocheka mpaka anashika ukuta. Alisema mama aliomba kila usiku, hata usiku ule wa mwisho, na kwamba kama kuna mtu aliyekuwa na imani, ni yeye. Kisha akayasema yale maneno ya mhubiri mgeni, neno kwa neno. "Sasa niambie wewe unayejua mistari," akamalizia. "Niwaeli alikufa kwa sababu imani yangu ilikuwa ndogo?"

Huku jikoni nilisahau sufuria, uji ukafurika.

"Hapana," Nanzia alisema. "Hapana, Baba. Sijui kwa nini alikufa. Wala sijui kwa nini mtoto wangu alikufa."

"Mtoto gani?"

"Aliyemfuata Elinami. Aliishi siku tisa. Huku hakuna anayejua, nilijifungulia kwa mama yangu." Alikuwa akilia sasa, lakini alisema taratibu. "Nilimkasirikia Mungu mpaka nikaacha kumwita. Halafu siku moja nikasikia kwamba Bwana Yesu alilia kwenye kaburi la rafiki yake. Hakumlaumu mtu kwa imani ndogo, alilia. Nikasema, basi huyu naweza kukaa naye. Nilikaa naye, Baba. Kila nikiamka na uchungu namkuta. Hilo ndilo ninalolijua. Mengine yote niliyokuwa nikikupigia kelele njiani nimeyakariri."

"Kwa nini hukuniambia hili?"

"Niliona ni dogo. Ni langu tu."

Baba alitikisa kichwa. "Hili ndilo la kunywa," alisema. Akachukua nyundo, wakashuka wote kwenye ukuta.

Ulikamilika siku ya nne, mvua ikaja jioni ile ile, na haukusogea. Siku zile zote Nanzia alimpa baba mawe na maji, na baba ndiye aliyekuwa akiuliza. Mara nyingine Nanzia alijibu kwamba hajui. Baba aliacha pia kupita njia ya juu.

Msidhani Jumapili iliyofuata baba alikwenda kanisani. Haikuwa hivyo. Masika ikaisha, kipupwe kikaja, mavuno yakapita. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, Krismasi ikikaribia, nimeshika ufagio, nikaona nyuma ya mlango hakuna koti. Nilikimbia kanisani na kanga ya jikoni. Baba alikuwa benchi la mwisho, koti limejaa vumbi mabegani, na Nanzia ameketi kando yake.

Wazee wa kanisa walimuuliza baadaye ni mahubiri yapi yaliyomgeuza. Akasema, "Kuna mtu aliniuliza habari za mke wangu." Wakadhani uzee umemchanganya.

Nanzia ndiye aliyeueneza msemo ule. Aliwafundisha wanawake wa jumuiya kwa miaka mingi, na hakuwahi kuwafundisha bila kwanza kusimulia aibu yake ya siku ile ya ukuta. Hakuacha kuisema imani yake, nalo hilo mlishike. Aliisema mpaka anakufa: sokoni, shambani, kwenye foleni ya zahanati. Ila kwanza alisikiliza, kisha akasema lile lililokuwa lake kweli, kiasi mtu alichoweza kupokea.

Kwa hiyo kesho mtakapobisha hodi kwa yule mama aliyewafukuza leo, msiende na sauti kubwa. Muulizeni habari zake, mketi, msikie. Mwenye kiu hamwagiwi maji, huchotewa.