Jani la Cheupe

"Masikio yako wapi?"

"Yako hapa!"

"Na midomo?"

"Tumeifumba!"

Muongo wewe, unatafuna karanga huko nyuma. Haya, tafuna polepole, maana leo nasimulia habari za tumbo.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana, aliishi Bi Tumbili, ambaye hakujaliwa mtoto. Siku moja tai alimnyakua mama mbega, mtoto wake akabaki ameng'ang'ania tawi, mdogo, mweupe pepe, meno ndiyo kwanza yanatoka. Bi Tumbili akambeba, akamwita Cheupe. Alifurahi mpaka akalia.

Sasa, kwa tumbili kulikuwa na mwiko. Mtoto hali kitu ambacho mama hajakionja. Mama akimeza, mtoto anakula. Mama akitema, mtoto hagusi.

Bi Tumbili akaleta ndizi mbivu. Akaonja, akameza, akampa. Cheupe akala, tumbo likamjaa, likawa gumu kama ngoma. Akanyoosha mkono, akachuma jani la mti waliokalia. Mama akalionja. Lo, chungu! Akatema. Cheupe akaliacha lianguke.

Kesho yake akaleta mapera yaliyoiva. Akaonja, akameza, akampa. Tumbo likajaa zaidi. Cheupe akachuma jani, mama akaonja, akatema, jani likaanguka.

Majirani wakasema mtoto anadeka, apewe kitamu zaidi. Ah, majirani nao! Basi Bi Tumbili akahangaika msitu mzima akitafuta fenesi, akalipata, akaonja, akameza, akampa. Safari hii Cheupe alikula akalala chali, macho yamelegea, hata kulia hawezi. Bi Tumbili akampakata, akahisi pumzi zinakatika. Akajua mtoto anamtoka.

"Mama," Cheupe akasema taratibu, "vitamu vyako vinaniuma."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa unafurahi nikila."

Bi Tumbili alichomwa moyo, jamani. Akaona kamkono kale kanatafuta jani tena, hakafiki. Akalichuma mwenyewe. Akalitafuna. Ulimi ukakataa, koo likakataa, machozi yakamtoka. Akameza. Kisha akafungua kinywa, Cheupe aone hakuna kilichobaki.

"Nimemeza, mwanangu. Kula."

Cheupe akala. Akala la pili, akala la tatu, kwani tumbo la mbega liliumbiwa majani, si ndizi. Jioni tumbo likalainika. Asubuhi akaamka anaruka matawini, anataka mengine.

Na mwiko ni mwiko. Kila asubuhi Bi Tumbili alichuma jani moja, akalionja, akakunja uso, akameza, ndipo Cheupe akala. Majirani wakamuuliza kama sasa ameyapenda majani.

"Hata kidogo," akasema. "Lakini mwanangu anashiba."

Akaendelea hivyo mpaka Cheupe akakua, akaota manyoya meusi. Na siku alipoanza kujitafutia, alichuma jani, akaenda akachuma na pera bivu, akamletea mama yake lile pera.

Enyi wanangu, mnayempenda msimpime kwa ulimi wenu. Mtazameni tumbo lake, mkamlishe linachotaka.

Hadithi yangu naitua hapa, kando ya jiko. Mwenye njaa aichukue, na wewe wa karanga, mpe mwenzio kwanza.