Rubani Aliyeleta Mchanga

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba hapo kale, chini ya Basra, palikuwa na mji wa bandari ukiitwa Ummul-Wahal, yaani Mama wa Matope. Mji ule ulikaa mdomoni mwa mto mkubwa, na riziki yake yote ilitoka kwa marubani, wale wanaopanda merikebu za wageni na kuzipitisha salama baina ya mafungu ya mchanga mpaka gatini. Hapakuwa na shamba wala kisima cha maana. Rubani akila, mji umekula.

Walikuwa na ada yao. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya Hija, marubani walisimama uani mwa msikiti mbele ya liwali na wafanyabiashara, kila mmoja na bildi yake, ile risasi nzito ya kupimia kina cha maji. Chini ya bildi pana tundu, na tunduni hushindiliwa shahamu ya kondoo, ili risasi ikigusa chini inyanyuke na udongo wa mahali pale. Yakija matope meusi, mlango wa bahari u wazi. Ukija mchanga, mlango umefungwa. Rubani huweka bildi yake chini, watu wakaona, naye akaapa: “Huu ndio udongo wa mlango wetu, nimeuchota kwa mkono wangu.” Hiyo ndiyo iliyokuwa annual report yao, wala haikuwa na picha za mabosi wakicheka.

Basi ukaingia mwaka wa fitina. Vita baharini, maharamia, masultani wakitishana kwa barua. Merikebu zikaadimika. Mwezi ukapita bila tanga kuonekana, ukafuata mwingine, hata mwaka ukakaribia kwisha. Na marubani, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuongoza wala ujira wa kulipa wapiga makasia, wakaacha kwenda kupima mlango. Wakakaa barazani wakitafuna tende na kusifiana. Lakini mto haukai barazani. Mto uliendelea kubeba mchanga wake usiku na mchana, bila kungoja mtu.

Ilipokaribia Ijumaa ile, zikatokea merikebu kadhaa pamoja, zimejaa mahujaji na nafaka, zikatia nanga nje kungoja neno la marubani. Liwali akatuma salamu: kama mlango ni mzima, ziingie. Kama si mzima, ziende bandari ya jirani, na huko ndiko atakakohamishia forodha yake, kwani hawezi kukaa mahali pasipo na merikebu.

Sheikh wa marubani, Mutarrif bin Hilal, mtu wa ndevu nzuri na swala ndefu, akawakusanya wenzake nyuma ya forodha. Hapo pana dimbwi la matope meusi, mazuri, yanang’aa. Akachovya bildi yake. Akasema, “Jamani, mlango ni uleule wa babu zetu. Chovyeni.”

Wakachovya. Alibaki mmoja, Sahl bin Wardan, Allah amrehemu, babake Rabia.

“Nawe, Aba Rabia?” Mutarrif akamuuliza. “Unangoja tukushikie mkono kama bi harusi?”

“Mimi nilikwenda mlangoni jana, ya sheikh. Bildi yangu ilileta mchanga.”

“Ulipima vibaya.”

“Nilipima kuanzia alfajiri hadi alasiri.”

Mutarrif akamsogelea, akamwambia kwa upole, na upole wa namna ile ndio unaoua: “Sikiza, ndugu yangu. Ukiweka mchanga mbele ya liwali, umeuzika mji huu ukiwa hai. Mwanao na wanangu pia. Chovya, tuombe dua, na Mungu ni Mwenye kurehemu.”

Sahl akarudi nyumbani ameikumbatia bildi kifuani. Akamkuta mkewe, Umamah, anapepeta kijungu cha mwisho cha shayiri. Akamweleza. Kisha akasema, “Binti ami, nikisema kweli tutakula nini?”

Umamah hakusita kupepeta. “Na ukisema uongo,” akajibu, “tutakuwa tumemla nani?”

Ijumaa ikafika. Marubani wakaweka bildi zao zikang’aa kwa matope, wakaapa mmoja baada ya mmoja. Mutarrif akasimama akahutubia: “Alhamdulillah! Mwaka mzima, pamoja na dhiki na fitina za zama, hakuna merikebu hata moja iliyogusa mchanga mikononi mwetu!” Watu wakapiga takbira. Zero accidents. Performance ya kupigiwa mfano.

Sahl akaja mwisho, akaweka bildi yake. Mchanga mweupe, mkavu, umeng’ang’ania shahamu.

“Haikugusa mchanga hata moja,” akasema, “kwa sababu haikupita hata moja.”

Liwali akamtazama. “Waweza kuziingiza merikebu hizi?”

“Siwezi, amiri.”

“Nani awezaye?”

“Simjui. Mlango umehama, nami sijui ulikohamia.”

“Wenzako wote wameapa kinyume chako.”

“Basi naomba wenzangu wapande merikebu ya kwanza, kila mtu na wanawe. Wakipanda, nami nitapanda.”

Wakangojewa. Wallahi hakunyanyuka mtu. Mmoja alikohoa, mwingine akajishughulisha na kamba ya kiatu. Mutarrif akatazama ardhi kana kwamba kuna aya imeandikwa pale. Liwali akafahamu, akaamuru merikebu ziende kwa jirani, na forodha ikazifuata.

Msikilizaji, hapa usingoje muujiza. Haukuja. Mji ulikufa kama alivyosema Mutarrif, tena polepole. Soko likafungwa, kisha tanuri za mikate, kisha chuo cha Qur’ani. Wenye nguvu wakahama, wanyonge wakabaki kutafuna magome. Sahl alimzika Rabia, mwanawe wa pekee, mwaka wa pili wa njaa, na waliokuja kuzika hawakutimiza safu. Njiani walimwita Abul-Raml, Baba Mchanga, na kumwagia konzi za mchanga mlangoni pa nyumba yake: “Kula, si ndio uliotuletea?”

Siku moja akaja bibi kizee, mmoja wa mahujaji wa merikebu zile, miguu imepasuka. “Ni wewe? Ni wewe uliyenishusha kwa watu baki, nikatembea jangwani mpaka kucha zikang’oka?”

“Ni mimi, mama. Nisamehe.”

“Sikusamehi!” akamtemea mate, akaenda zake, mzima, anatembea.

Na Sahl kila Mungu akileta siku alitoka na mtumbwi, Umamah akipiga kasia, akishusha bildi kuutafuta mlango mpya. Hapakuwa na aliyemtuma wala wa kumlipa. Aliyekutana naye humuuliza kwa dhihaka, “Leo umepata nini, Abul-Raml?” Naye hujibu, “Mchanga.” Akajibu hivyo mpaka nguvu zikamwishia.

Alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, Mutarrif alikuja, mzee, nguo zimemchakaa. Akakaa chini, akalia. “Ewe Sahl, kinachonila ni kimoja. Sitajua kamwe kama merikebu zile zingezama. Labda zingepita. Labda tuliangamia bure. Laiti Mungu angetuonyesha!”

Sahl akafumbua macho. “Nami miaka yote hii,” akasema, “nimemwomba asituonyeshe.” Akatamka shahada, akafariki. Mlango ule haujapatikana.

Enyi waumini, aliyeokoka hajui kuwa ameokoka, kwa hiyo hana wa kumshukuru. Sisi tunataka ukweli utulipe, tena hapa hapa, kabla ya Ijumaa ijayo, na usipolipa tunaenda nyuma ya forodha. Dimbwi lingali pale, lina matope ya kutosha watu wote. Ya Rabbi, tupe moyo wa kubeba mchanga wetu hadharani, na usituonyeshe ambao wangezama.