Matundu ya Pembeni

Mwongo hachoki kutembea. Njia ndiyo inayomwishia. Anaweza kuvaa vizuri, akasalimia kila mtu na kuapa viapo vyote, lakini mbele kidogo tu atakutana na ukuta. Tena mara nyingi ukuta wenyewe kaujenga yeye.

Katika ofisi moja ya kumbukumbu za viwanja alikuwapo karani mtu mzima, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Wenzake walimwita Bi Sindano, kwa kuwa mezani pake, kando ya kompyuta, palikaa kopo lenye sindano nene na uzi mweupe.

"Bi Sindano, tushonee na suruali basi!" walimtania.

"Leteni. Ila nitaanza na midomo yenu."

Asubuhi moja watu wawili waliingia kwa msajili, mkuu wa ofisi hiyo. Mmoja alikuwa mjane, mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa uani mwa nyumba aliyoachiwa na mumewe, na ndilo lililowalisha na kuwasomesha wanawe watatu. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyu alidai kwamba kaka yake alimpa nyumba ile zamani, na kwamba barua imo ndani ya faili.

Bi Sindano akaleta faili. Kweli, barua ilikuwamo: karatasi imekolea rangi kama chai, ina sahihi ya marehemu na tarehe ya miaka thelathini iliyopita. Msajili akashusha pumzi. "Mama, barua ndiyo hii. Nikiikubali, nyumba si yako tena."

"Mume wangu hakunificha hata bei ya kiatu," mjane alisema. "Nyumba nzima angenifichaje?"

"Shemeji, usijitie uchungu," alisema yule bwana kwa upole wa kuudhi. "Nitakupa miezi mitatu ya kuhama. Mimi si mnyama."

Bi Sindano alikuwa ameinamia barua, akipapasa pembe yake ya juu. "Samahani, baba. Ulikuwapo barua hii ilipoletwa?"

"Nilikuwapo! Nilisimama na kaka pale dirishani. Karani akaipokea, akaibana kwenye faili kwa stepla hapo hapo. Naona kama jana."

"Kwa stepla?"

"Si haya matundu yake mawili? Hata kutu bado ipo!"

Bi Sindano akafunua kurasa zilizotangulia barua ile, kisha zilizofuata. Kila moja ilikuwa na matundu matatu madogo pembeni.

"Karani wa dirishani mwaka huo nilikuwa mimi," alisema. "Tulikuwa tunashona. Kila karatasi niliitoboa mara tatu kwa sindano, nikapiga fundo. Nyuzi tulizikata yalipokuja mafaili ya kamba, lakini matundu hayafutiki. Stepla ya kwanza ililetwa hapa miaka sita baada ya barua yako. Ilifungiwa kabatini kama dhahabu. Ukiitaka, unatia sahihi. Mkuu wetu wa wakati huo aliijaribu, akajibana kidole gumba. Tulicheka mpaka akatufukuza ofisini."

Msajili akaagiza daftari la vifaa vya ofisi. Lilikuwa na vumbi, lakini liliandikwa vizuri: stepla moja, miaka sita baada ya barua.

"Labda nimesahau," shemeji alisema. "Labda waliishona."

"Basi matundu ya sindano yako wapi?" Bi Sindano aliuliza.

Msajili akaifungia barua katika droo yake, akamwita askari wa mlangoni. "Kaa hapo, bwana. Utatueleza nani alikuingizia karatasi hii katika faili langu."

Mjane akamshika Bi Sindano mikono yote miwili. Kisha akakumbuka kuwa ameacha unga unaumuka, akaondoka mbio kurudi nyumbani kwake.

Shemeji mtu aliikoleza karatasi rangi, akaighushi sahihi ya nduguye na kurudi nyuma miaka thelathini, lakini hakuvuka hata dirisha la karani. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.