Gari Lililozimika Kwenye Ukungu

Watu wa kijiji kimoja cha milimani walichanga wakanunua gari. Kijiji chao kiko juu sana, mahali ambapo viazi huchimbwa kwa vidole vilivyokufa ganzi, na ukungu hushuka jioni ukalala mpaka jua limepanda. Hospitali iko bondeni, mwisho wa mteremko mrefu unaopita msituni. Kabla ya gari, mgonjwa alibebwa kwa machela. Wanaume walipokezana mabegani, wakateleza, wakaendelea, na si kila aliyebebwa alifika. Kwa hiyo gari lile halikununuliwa kwa fahari. Lilinunuliwa lishushe wagonjwa, na siku isiyo na mgonjwa lishushe maziwa.

Lilikuwa gari kuukuu la petroli, na lilitoka katika mji wa joto, kwa mtu aliyelitumia kwenye joto maisha yake yote. Nyuma ya kiti, ndani ya gunia, walikuta bomba fupi la bati, urefu wa mkono wa mtu. Hakuna aliyejua kazi yake. Mzee Mahenge, mwenyekiti wa kamati ya gari, aliligeuzageuza akasema, "Lingekuwa la maana wangelifunga." Hawakulitupa. Ofisini kwa kamati kulikuwa na jiko la kuni lililowatoa machozi kwa moshi. Wakalichomeka bomba juu ya jiko, wakatoboa ukuta, wakalipitisha. Moshi ukatoka nje, joto likabaki ndani. Tangu siku hiyo kamati ilipenda sana vikao.

Dereva alikuwa mwanamke, jina lake Ezelina Chaula. Alijifunzia kazi kwenye trekta za mashamba ya chai, kwenye matope, ambako gari haliendi kwa kubembelezwa. Wengi wa kijiji walimtaka yeye. Mzee Mahenge alimtaka mpwa wake. Wengi walishinda, na mzee hakusahau.

Gari lilianza kuzimika msimu wa baridi. Halikufanya kishindo. Lilikuwa likiteremka taratibu msituni, mguu wa Ezelina ukiwa mwepesi kwenye mafuta, na lilipofika kwenye kona moja chini ya mianzi lilipungua nguvu kama mtu anayesinzia, likatetemeka, likanyamaza. Alipiga starta. Kimya. Alikaa akapuliza viganja vyake. Baada ya muda wa kumaliza kikombe cha chai alijaribu tena, na gari likawaka, likaenda, kama kwamba hakuna kilichotokea.

Siku nyingine lilifika bila shida. Siku nyingine lilizimika tena, karibu na kona ile ile. Ezelina alianza kuangalia anga kabla ya kuangalia mafuta. Akaona kwamba asubuhi kavu, hata yenye baridi ya kung'ata masikio, gari lilishuka salama. Asubuhi ya ukungu lilimwacha njiani. Kwa nini, hakujua. Lakini lini, alijua, akaenda akaiambia kamati.

Kamati ilimwita fundi kutoka mjini. Aliitwa Lwitiko, mtu mwaminifu, mikono yake haikuwa na hila. Basi la kutoka mjini hufika kijijini mchana, kwa hiyo fundi alifika mchana. Alikuta jua limewaka, ukungu umekwisha, kamati imeshakunywa chai. Alifungua boneti, akabadilisha plagi, akaliwasha gari, akalizungusha uwanja wa mpira. Lilinguruma vizuri. Alipoitwa tena alibadilisha koili, akalizungusha uwanja wa mpira. Lilinguruma vizuri. Alipoitwa tena aliosha tangi, akaweka chujio jipya la mafuta, akalizungusha uwanja wa mpira mbele ya kamati nzima, na watoto wakalikimbilia wakishangilia. Lilinguruma vizuri kuliko siku zote.

"Dada," alimwambia Ezelina kwa upole, akijifuta mikono, "mimi sioni kitu. Labda unalikanyaga vibaya."

Mzee Mahenge alicheka, akasema maneno ambayo yalizunguka kijiji chote kabla ya jioni: "Gari lina afya njema. Anayeumwa ni dereva."

Maneno hayo yalimfuata. Aliyasikia kisimani. Aliyasikia mashineni, aliposubiri mahindi yake yasagwe. Mlevi mmoja alimpigia saluti barabarani akamuuliza kama ameshameza dawa zake. Wengine walinong'ona kwamba anauza petroli na kujazia maji. Kila asubuhi ya ukungu Ezelina alishuka msituni, akiwa amekaza meno, akiisikiliza injini kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa.

Ndipo Tusekile, mke wa mchoma mkaa, aliposhikwa na uchungu. Ilikuwa alfajiri, na ukungu ulikuwa mzito hata taa za gari hazikuona mbali. Walipofika kwenye kona, gari likatetemeka, likanyamaza. Ezelina alipiga starta mpaka ikachoka. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa pale kwenye majani yaliyolowa, chini ya mianzi inayodondosha maji, na Ezelina alivua sweta lake akamfunga. Gari lilipokubali kuwaka, mama alikuwa amevuja damu nyingi. Walifika. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa hai, lakini alilazwa, na kwa muda mrefu hakuweza kusimama.

Kamati ilikaa. Jiko lilikuwa linawaka. Wajumbe walifungua vifungo vya makoti yao kwa sababu ya joto. Ezelina aliachwa asimame karibu na mlango, mahali baridi inapopenya.

"Ezelina, binti yangu," alisema Mzee Mahenge, "umejitahidi. Sasa weka ufunguo mezani. Mpwa wangu ataendelea."

Hakuuweka. Aliufumbata kiganjani.

"Gari mmelipima mchana," alisema. "Mchana halijawahi kunizimikia hata mimi."

"Gari ni gari," alisema mjumbe mmoja. "Halina asubuhi wala mchana."

"Basi vizuri. Ufunguo nitautoa. Lakini sitautoa humu kwenye joto. Anayeutaka aje alfajiri ya ukungu, apande gari, ashuke nami mpaka kwenye kona. Na fundi alale hapa kijijini, awepo."

"Kwa baridi ile? Unataka kutuua, wewe?"

"Tusekile alizalia pale," alisema Ezelina.

Kuni zilipasuka jikoni. Wajumbe wangeweza kumnyang'anya, kwa kuwa walikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja. Lakini mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na nje walikuwa wamesimama wanawake wa kijiji na vitenge vyao vichwani, kimya, wakisikia yote.

Ukungu haukukawia. Alfajiri iliyofuata kamati ilikuja, imejifunga mablanketi kama wagonjwa. Fundi Lwitiko alikuja. Ezelina akamkabidhi Mzee Mahenge ufunguo, mbele ya wote, akasema, "Endesha wewe, mzee, wasije wakasema nimelizima mimi." Mzee aliwahi kuendesha lori ujanani. Hakuweza kukataa. Alikaa kwenye usukani, na Ezelina akapanda nyuma pamoja na wengine, akaketi juu ya tairi la akiba.

Waliteremka. Injini ilikwenda bila kukosea. Mzee Mahenge alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Mnasikia huko nyuma? Kama cherehani!" Wajumbe walicheka, meno yakigongana. Mianzi ikaanza kuonekana, myeusi ndani ya weupe. Kona ikafika. Gari likapungua nguvu. Likatetemeka. Likanyamaza.

Mzee alipiga starta. Alikanyaga mafuta, akapiga tena, akapiga tena. Hakukusikika kitu ila maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Kisha kutoka nyuma, ndani ya blanketi, sauti ya mjumbe mmoja ikauliza, "Mwenyekiti, na wewe umeshaanza kuumwa?"

Fundi Lwitiko hakusubiri vicheko. Alikuwa ameshashuka, ameshafungua boneti, anafungua kifuniko cha chujio la hewa kwa haraka kuliko siku zote. Alichungulia kwenye kabureta, pale hewa na petroli zinapokutana kabla ya kuingia kwenye injini. Akapiga kelele.

"Njooni! Njooni upesi, inayeyuka!"

Walijazana, vichwa vikigongana. Koo la kabureta lilikuwa limeganda barafu, nyeupe, nene, kama utando wa asubuhi juu ya majani ya viazi. Injini ilikuwa imekabwa. Nao wakiwa wanatazama, joto la chuma likapanda kutoka chini, barafu ikalegea, ikawa maji, maji yakatiririka yakapotea. Muda wa kumaliza kikombe cha chai haukupita. Pakawa pasafi, pakavu, kama kwamba hapakuwa na kitu. Fundi akaingiza mkono dirishani, akapiga starta. Gari likawaka.

"Kila nilipokuja," alisema fundi polepole, "shahidi alikuwa ameshayeyuka."

Akawaeleza. Petroli ikivutwa pamoja na hewa huipoza hewa hiyo, na hewa ya huku ina baridi na imelowa, basi unyevu wake unaganda hapo hapo kooni. Waliotengeneza gari walijua. Walilipa njia ya kuvuta hewa ya moto kutoka ubavuni mwa bomba la moshi la injini. Akawaonyesha: huku mdomo mmoja ulio wazi, kule mdomo mwingine ulio wazi, na katikati hakuna kitu.

"Hapa palikuwa na bomba," alisema. "La bati. Fupi tu. Huko lilikotoka kuna joto, wakaona halina kazi, wakalitoa."

Hakuna aliyeuliza bomba lenyewe lilikwenda wapi. Kila mjumbe alilijua kama anavyoijua sahani yake. Walitazama viatu vyao. Ezelina aliwatazama wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka akamfikia Mzee Mahenge, na mzee akageuka akatazama msitu.

Waliporudi kijijini, jambo la kwanza ililofanya kamati lilikuwa kuwasha jiko. Walikuwa wameganda. Mzee Mahenge alinyoosha viganja kwenye moto akasema kwamba suala ni zito, kwamba bomba jipya litaagizwa, kwamba kamati italijadili kwa utulivu. Wajumbe walitikisa vichwa. Joto lilikuwa limeanza kuwarudia, na pamoja na joto, hekima yao.

Ezelina aliingia bila kubisha hodi. Alifungua kitenge chake kiunoni, akakikunja mara kadhaa, akakizungushia mkononi, akalishika bomba juu ya jiko, akalivuta. Bati lililia. Masizi yalimwagika juu ya meza. Moshi ulijaa chumbani kama ulivyokuwa ukijaa zamani, na wajumbe wakaanza kukohoa na kutoa machozi.

"Ezelina! Sasa sisi tutakaaje humu?"

"Fungueni mlango," alisema.

Akatoka nalo, likiwa bado la moto. Fundi aligonga masizi yakatoka, akalisugua ndani kwa kitambaa, akalifunga mahali pake. Lilienea sawasawa. Mzee Mahenge alikuwa amesimama kizingitini, macho mekundu, ufunguo bado mfukoni mwake. Ezelina alimnyooshea kiganja. Hakuomba. Hakueleza. Alinyoosha tu kiganja, na watu wote walikuwa wakitazama. Mzee aliutoa ufunguo akauweka hapo. Ezelina hakusema asante.

Siku aliyokwenda kumchukua Tusekile hospitalini, ukungu ulikuwa umeanguka toka jana yake, mzito, hauna nyuma wala mbele. Gari lilishuka. Kwenye kona ya mianzi alilegeza mguu kwenye mafuta, kwa makusudi, akaisikiliza injini. Injini ilivuta pumzi, ikashusha pumzi, ikavuta tena. Alipita. Alipopanda nao, mama na mtoto, alilegeza tena, na akapita tena, na mtoto alikuwa amelala ndani ya sweta lile lile.

Kamati bado ipo. Inakutana kwenye baridi, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya moshi, na vikao vyake siku hizi ni vifupi. Wajumbe wanalalamika kwamba Ezelina ni mwanamke mkali. Ni kweli. Nami sitamwombea radhi kwa ukali huo.

Ninyi mnaoketi penye joto na kumpima mchana mtu anayezimika asubuhi, mkamgonga kifua mkasema ana afya njema, anajidekeza, hajui kuendesha maisha yake: bomba linalowapasha moto mlilitoa kwenye kifua cha nani?