Nguchiro Aliyetubia Masikio Yake

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na aliyeko uani asikie!

Pakawa, tumesikia!

Hapo zamani za kale, kwenye kichuguu chekundu, waliishi nguchiro. Ukoo mkubwa, kelele tele. Wakichimba wadudu, kwi-kwi-kwi! Wakitembea, kwi-kwi-kwi! Ndiyo desturi yao, anayenyamaza huhesabiwa amepotea. Na kila mmoja ana zamu. Unapanda juu ya kichuguu, unasimama wima kwa miguu miwili, unatazama angani. Kipanga akitokea, unapiga yowe. Wote shimoni, pu!

Katika ukoo huo alikuwamo mama mmoja, Kidawa. Kidawa akipanda zamu, kelele zilimwingia zote kwa pamoja. Kwi-kwi ya huyu, kwi-kwi ya yule, mchwa wanatafuna chini, kru-kru-kru, jani linaanguka, pa! Kichwa kikajaa. Macho yako wazi, hayaoni. Kipanga akipita, wengine ndio wanaopiga yowe.

"Mvivu huyo!" wakasema. "Amelala wima kama nguzo!"

Kidawa akaamini. Kila alfajiri akainamisha kichwa. "Ee Mola, nisamehe uvivu wangu." Alfajiri ikija, toba ile ile. Zamu ikija, kosa lile lile.

Akazaa binti, Mize. Mize akakua, akapanda zamu yake ya kwanza. Kipanga akashuka, fyuu! Akampapura mgongo Shangazi Zawena, mkubwa wa ukoo. Mize hata hakugeuka.

Kidawa akamfinya mwanawe kwa kucha, akamfinya tena. "Kwa nini hukutazama?"

"Nilikuwa natazama, mama. Ila mnapiga kelele nyote ndani ya kichwa changu."

Mkono wa Kidawa ukabaki hewani. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Shangazi Zawena akasema, damu inamtoka, "Akikosa tena, atoke ukooni. Hatuwezi kuliwa wote kwa ajili ya mtoto mmoja."

Mtoto wa nguchiro akiwa peke yake porini, jioni haimkuti.

Kidawa akamwendea Bi Muhanga, mnyama mla mchwa mwenye masikio marefu, ambaye wanyama humpelekea mambo ya masikio na ya kichwa.

"Bibi, nadhani mimi na mwanangu tuna jambo. Jina lake silijui."

"Kudhani kumekuleta, vizuri. Lakini kudhani si kupimwa. Njoo na mwanao, na aliyekulea pia."

Aliyemlea ni Shangazi Zawena. Kidawa akaenda kumwomba.

"Siku hizi na uvivu unapimwa?" Shangazi akacheka. Lakini akaja, anachechemea.

Bi Muhanga akauliza, akasikiliza, akauliza tena. Akakwaruza ardhi kidogo, kwaru. Kidawa na Mize wakaruka. Shangazi hakusikia kitu.

"Huyu Kidawa utotoni alikuwaje?"

"Alikuwa..." Shangazi akasita. "Tukianza kwi-kwi, anatia kichwa mchangani. Mimi namtoa kwa meno. Nikidhani ni jeuri."

"Masikio yenu hayana mlango," Bi Muhanga akawaambia mama na binti. "Mmezaliwa nayo hivyo. Siwezi kuwapa mengine. Lakini zamu ya kelele si yenu. Shikeni zamu ya jua la utosi, ukoo ukilala."

"Na uvivu wangu je, bibi? Nimeutubia tangu nilipoota meno."

"Mwanangu, tubu dhambi. Masikio si dhambi."

Kidawa akalia mpaka kifua kikamwuma. Na Shangazi Zawena akasema polepole, "Lile neno langu la kumtoa mtoto nimelifuta."

Kesho yake, jua la utosi, ukoo umelala, kimya. Mize akasimama wima. Mbali kule, kitu kidogo kama punje ya ufuta. Kwii! Wote shimoni, pu! Kipanga akaondoka na vumbi.

Wengine bado walinong'ona, "Wanadekezwa hao." Wakanong'ona tu.

Alfajiri Kidawa akainamisha kichwa. Uvivu hakuutaja. "Ee Mola, nisamehe kucha nilizomfinyia mwanangu." Kisha akamgeukia Mize. "Na wewe mwanangu, nisamehe."

"Bado panauma, mama," Mize akasema. "Lakini nimekusamehe."

Basi, wadogo kwa wakubwa, ukiona jambo limekuandama tangu utotoni, na umejilaumu mpaka umechoka, usijihukumu peke yako. Mwendee anayejua kupima, akwambie ulivyoumbwa. Na mtoto msimfinye kabla hamjamsikiliza.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipolala. Msiiamshe kwa kelele.