Udi Mlangoni kwa Bi Mwanakombo

Hapo zamani, na atakayenikatiza leo aje akae yeye hapa asimulie, palikuwa na mji uliofanya sherehe yake kila mwaka. Siku hiyo kila mlango huwekewa chetezo cha udi. Mlango usio na moshi, watu husema mwenyewe ana kijicho na mji.

Bi Mwanakombo, mjane mwenye pumu, hakuwahi kukiweka. Mwaka ule umati ulifurika kupita kiasi: magari, fataki, vumbi la wacheza ngoma, na upepo nao ukagoma. Hewa ikawa nzito mji mzima.

Mwanawe Haji, aliyeishi ng'ambo ya mji, akaja mbio. "Mama, nakufungia madirisha na mlango, moshi usikuingie. Nitarudi magharibi." Akafunga kwa nje, akaenda zake ngomani na ufunguo mfukoni.

Jirani, Saada, akapita. "Masikini! Watamsema bure mama wa watu." Akaleta chetezo chake mwenyewe, akakiweka kizingitini.

Shamte, mchoma mishikaki, akasogeza jiko chini ya dirisha. "Wateja wakipiga soga hapa, bibi atachangamka."

Ndani, moshi ukapenya chini ya mlango na kwenye nyufa za dirisha. Kifua kikambana. Angeweza kupiga kelele, lakini nje watu walikuwa wakicheka, na mwaka mzima hakuna aliyecheka karibu na nyumba ile. Akaona asiwaharibie. Akanyamaza mpaka akaanguka.

Saada alirudi kuongeza udi, akasikia kishindo, akapiga ukunga kuita watu. Shamte akavunja mlango. Bibi akapona, ila tabibu akasema, "Huyu asiishi tena peke yake."

Haji aliporudi akalia, "Mimi ndiye niliyekufungia, mama. Twende kwangu."

Saada akasema, "Udi wangu ndio uliomwangusha, na sikio langu ndilo lililomsikia. Aje kwangu."

Shamte naye, "Jiko langu lilimziba pumzi, bega langu likamtoa. Aje kwangu."

Bi Mwanakombo akawatazama, machozi yakamtoka. "Miaka sita ya ujane hakuna aliyenikaribisha hata chai. Mpaka nife kidogo?"

Wote watatu wamenyoosha mikono, na bibi ameshavaa kanga yake ya kutokea. Haya, nyinyi mnaojidai wajuzi: je, aushike mkono wa nani?