Kwa Nini Kovu la Usubi Halioti Nywele

Ketini, wajukuu zangu. Jerop, leso uliyojifunga shavuni nimeiona, lakini sitakuuliza bado.

Zamani ngozi ya mtu haikujua kuvimba wala kuwa na kovu. Chini yake waliishi walinzi, na wawili kati yao walikuwa ndugu. Mdogo aliitwa Chapu. Ngozi ikitobolewa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza kumeza adui. Mkubwa, Bugia, alikuwa mzito wa mwendo na mwenye tumbo kubwa. Mila yao ilikuwa kwamba mwenzao akifa, Bugia humsitiri tumboni mwake kimya kimya, bila kumpekua.

Siku moja usubi aliuma shavu la msichana, akamtema humo Mdoezi, kijidudu asiye na kwao. Chapu akammeza. Lakini Mdoezi hakufa. Aliyekufa ni Chapu, na Mdoezi akajikunyata ndani ya maiti.

Bugia alipofika, mlinzi mmoja alimwambia, "Kaka, mpekue kwanza. Tumbo lake linachezacheza."

"Nimvue nguo ndugu yangu mbele za watu? Huna adabu wewe."

Akamsitiri hivyo hivyo. Mdoezi akatulia tumboni mwa Bugia, akala, akazaa. Bugia alimsikia vizuri sana. Lakini mkubwa mzima aanzie wapi kusema amembeba mwizi kwa mikono yake? Akiulizwa, alijibu, "Ni gesi tu." Huku juu, shavu likachimbika kidonda, na msichana akawa haendi kisimani bila kujifunika leso.

Siku Bugia alipomsikia msichana akilia ndani ya leso ile, aibu ilimchoma kuliko kidonda chenyewe. Akawaita wenzake wote. "Mwizi yuko kwangu," alisema, macho chini. "Nilimwingiza mimi."

Wakaleta moto, wakamchoma Mdoezi na wanawe humo humo tumboni, na Bugia akavumilia. Kidonda kikapona. Ngozi ilipotaka kuotesha tena vinyweleo vya shavu paonekane kama zamani, Bugia aliikataza.

"Hapo pasifunikwe. Nimeshafunika vya kutosha."

Na tangu siku hiyo, usubi akiuma, ngozi huvimba na kupata moto, maana Bugia huita wenzake kabla hajagusa maiti. Na kovu la usubi hubaki wazi, bila hata unywele mmoja.

Haya, Jerop, sogea hapa karibu. Fungua hiyo leso tukione hicho kidonda.